Je, Wajua? Mtoto Huanza Kuujua Mwili Wake Akiwa Kwenye Beseni

Je, wajua kwamba mtoto wa miezi sita, ambaye hata "mama" bado hajatamka, huenda tayari anajua mkono ni upi na mguu ni upi? Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba mtoto huanza kuelewa maneno anapokaribia mwaka mmoja. Mwaka 2012 Elika Bergelson na Daniel Swingley wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walionyesha kwamba tulikuwa tumechelewa kuwapa watoto sifa yao. Watoto wa miezi 6 hadi 9 walipakatwa na wazazi wao mbele ya skrini yenye picha, mzazi akataja kitu kimoja, na mtambo ukafuatilia macho ya mtoto yanaelekea wapi. Yalielekea kwenye kitu kilichotajwa, mara nyingi kuliko ambavyo ingetokea kwa kubahatisha. Maneno yaliyopimwa yalikuwa ya aina mbili: vyakula na viungo vya mwili.

Aina hizo hazikuchaguliwa ovyo. Chakula na mwili ni vitu anavyokutana navyo kila mtoto, kila siku, popote alipozaliwa, awe na midoli au asiwe nayo. Na hapo ndipo habari hii inapowafikia watu wa Kasekese.

Kasekese ni kata ya Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, katika nchi ambayo wazee bado wanaiita Mpanda tu, kwa sababu kabla ya wilaya mpya kuundwa yote ilihesabiwa huko. Ni eneo la wakulima. Mvua zake ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, na miezi hiyo mama huamkia shambani mtoto akiwa mgongoni. Vitabu vya picha vya watoto ni adimu katika vijiji vyetu. Lakini nyumba haikosi beseni au karai, na mtoto hakosi mtu wa kumwogesha, kumpaka mafuta, kumfunga mbeleko na kumnywesha uji. Kwa somo la majina ya viungo, vifaa vyote ni hivyo, na mwanafunzi amekuja na kitabu chake mwilini.

Gusa, kisha taja

Je, wajua kwamba jina linalotajwa huku kiungo kikiguswa humwingia mtoto kuliko jina linalotajwa tu? Amanda Seidl na wenzake walichapisha mwaka 2015 jaribio walilofanya kwa watoto wa miezi minne. Mtoto alisikilizishwa mfululizo wa sauti zisizo na maana, na kila neno fulani lilipopita, mtafiti alimgusa goti au kiwiko. Baadaye watoto walionyesha kulitambua neno lile lililokuwa likienda pamoja na mguso. Lakini mtafiti alipojigusa uso wake mwenyewe badala ya kumgusa mtoto, hakuna dalili kwamba watoto walilinasa neno.

Hilo la mwisho ndilo la kushika. Watu wazima wengi, tukitaka kumfundisha mtoto pua, tunajishika pua zetu na kumwambia, "Ona, hii ni pua." Kwa mtoto mchanga, pua ya kwanza kuijua ni yake, na ataijua ikiguswa. Hisi ya kuguswa ndiyo inayotangulia hisi zote nyingine, tangu mtoto akiwa tumboni.

Mtazame bibi anayemwogesha mjukuu wake uani, jua likiwa limepanda kidogo na maji ya uvuguvugu yako tayari. "Haya mume wangu, lete mkono. Na huu mwingine. Inua kidevu. Kwapa hili lina vumbi la wapi?" Utani wa bibi na mjukuu unaendelea, dodoki linashuka kutoka shingoni hadi kwenye nyayo, na kila kiungo kinatajwa wakati ule ule kinaposuguliwa. Hakuna aliyemfundisha bibi huyu saikolojia ya watoto. Anachofanya kinalingana kabisa na kile ambacho maabara ilikuja kukithibitisha. Kitu pekee ningekiongeza ni kwa mama kijana ambaye huogesha kimya kwa sababu ana haraka ya kwenda shambani: taja. Maneno hayaongezi hata dakika moja kwenye kuoga.

Kuoga kunafuatwa na mafuta, na hapo somo linarudiwa, safari hii polepole zaidi. Mafuta hufika mahali ambapo maneno yetu hayafiki mara nyingi: kisogo, ukosi, kiwiko, kifundo cha mguu, kisigino, katikati ya vidole. Watoto wengi huanza shule wakijua kichwa, macho, tumbo na miguu, lakini ukiwauliza kisigino wanatazamana. Si kwamba neno ni gumu; hakuna aliyewatajia wakati wa kupaka mafuta.

Mtoto akifika miaka miwili, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kinataraji aweze kuonyesha angalau viungo viwili akiulizwa. Viwili ni vichache. Mtoto aliyeogeshwa kwa maneno hupita hapo mapema.

Na juu kabisa ya kichwa kuna sehemu ambayo mtoto hawezi kuitaja bado, ila mama lazima aijue: utosi. Mfupa wa fuvu hapo huwa haujafunga, na kwa watoto wengi hufunga kati ya mwezi wa 12 na wa 18. Mtoto akiharisha au kutapika, utosi ukibonyea ndani ni dalili kwamba maji yamempungukia mwilini, na safari ya zahanati haisubiri kesho.

Mtoto wa mgongoni na kioo

Je, wajua kwamba mwaka 2011 watafiti waliwapima watoto 82 nchini Kenya, wenye umri wa miezi 18 hadi miaka sita, kwa jaribio maarufu la kioo, na ni wawili tu waliofaulu? Jaribio ni hili: mtoto hubandikwa alama usoni bila kujua, halafu huonyeshwa kioo. Akijigusa mahali penye alama, inasemekana amejitambua. Watoto wa Marekani wengi hufaulu kabla ya kutimiza miaka miwili. Wale wa Kenya wengi waliganda, wakajitazama, wasifanye lolote. Tanya Broesch na wenzake walikataa kusema kwamba watoto hao hawajitambui. Walisema kipimo kinabeba mila za mahali kilikotengenezwa.

Miaka sita baadaye Josephine Ross wa Chuo Kikuu cha Dundee na wenzake walileta kipimo cha pili. Waliwapima watoto wa miezi 15 hadi 18 wa Uskoti, Uturuki na Zambia. Mtoto alisimamishwa juu ya mkeka na kuombwa auokote na kuutoa; ili afaulu, lazima atambue kwamba mwili wake mwenyewe ndio unaouzuia. Kwenye kioo watoto wa Uskoti waliongoza. Kwenye mkeka watoto wa Zambia ndio waliofanya vizuri zaidi.

Naipenda sana habari hii, na nadhani inaihusu Katavi moja kwa moja. Mtoto anayeishi amefungwa mgongoni kwa kitenge, anayehisi mama akiinama kupalilia na kuinuka, anayepakatwa na watu watano kwa siku, anaujua mwili wake kwa uzito wake na kwa kugusana na miili mingine. Watafiti waliohusisha tofauti hizo na namna watoto wanavyolelewa walikuwa wanazungumzia malezi kama haya. Kwa hiyo mzazi wa Kasekese asidhani kwamba mwanawe amepungukiwa kwa kuwa nyumbani hakuna kioo kikubwa wala kitabu cha rangi. Mgongoni panafundisha. Ukimshusha, mwambie: "Nishike bega. Haya, miguu chini."

Malezi huonekana hata katika kukaa na kutembea. Kwa Wakipsigis wa Kokwet, Kenya, Charles Super aliandika mwaka 1976 kwamba watoto walikaa, kusimama na kutembea takriban mwezi mmoja kabla ya wenzao wa Marekani, na akaeleza sababu: mama zao waliwafanyisha mazoezi kwa makusudi. Kuna hata waliochimba kishimo kidogo ardhini na kumkalisha mtoto humo huku akiegemezwa kwa nguo. Kutambaa, ambako mama hao hawakukufundisha, hakukuja mapema.

Mwili una ngeli zake

Je, wajua kwamba mtoto wa Kiswahili, akiogeshwa mara moja tu kwa maneno, amepitia karibu ngeli zote kubwa za majina ya vitu? Mkono, mguu, mgongo na mdomo ni za M-MI. Kichwa, kifua, kidole, kiuno na kisigino ni za KI-VI. Jicho, sikio, goti, bega, tumbo na jino ni za JI-MA. Ulimi, ukucha, unyayo na ufizi zinaanza kwa U, na pua na shingo zinasimama zenyewe. Na kwa kuwa viungo vingi viko viwili viwili, umoja na wingi vinakuja vyenyewe: jicho hili, macho haya, mkono huu, mikono hii.

Katherine Demuth, aliyechunguza watoto wanaojifunza Kisotho kule Lesotho, lugha ndugu ya Kibantu, alionyesha kwamba mtoto akifika miaka mitatu hivi huwa ameshika upatanisho wa ngeli kwa makosa machache sana. Wageni husoma jambo hilo kwa miaka na bado hukosea. Mtoto hulipata kwa kusikia "kidole hiki, vidole hivi" mara nyingi kiasi kwamba haiwezi kuwa vingine. Kwa sababu hiyo sipendi mazoea ya kumwambia mtoto "michafu hiyo, lete" huku mzazi akinyoosha mdomo tu kuonyesha. Sema yote.

Katavi kuna jambo la ziada. Mkoa huu ni wa Wabende, Wapimbwe na Wakonongo, kisha wakaja Wafipa, Waha na wafugaji wa Kisukuma waliohama na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Katika wilaya ile ile iliyo na Kasekese iko Mishamo, makazi yaliyofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi waliotoroka mauaji ya 1972. Wengi wao na watoto wao ni miongoni mwa watu zaidi ya 160,000 waliopewa uraia wa Tanzania. Mtoto wa nyumba ya Kirundi husikia umutwe, amaso, amatwi, amenyo, halafu akitoka nje anasikia kichwa, macho, masikio, meno. Baadhi ya maneno yanafanana kwa sababu jicho na jino ni majina ya kale sana katika lugha za Kibantu na hayabadiliki upesi. Mengine hayafanani hata kidogo.

Wazazi wengine huogopa kwamba majina mawili ya kiungo kimoja yatamchanganya mtoto. Hayamchanganyi. Bibi aogeshe kwa lugha yake, dada amlishe kwa Kiswahili, na mtoto atajua nani anajibiwa kwa lugha gani. Akifika darasa la awali, ambako shule za serikali hufundisha kwa Kiswahili, atakuwa na maneno mawili pale ambapo mwenzake ana moja.

Uso, mikono na nzi

Je, wajua kwamba kunawa uso kunaweza kuokoa macho? Ugonjwa wa vikope, ambao wataalamu huuita trakoma, ndio unaoongoza duniani kati ya maambukizi yanayopofusha. Huanzia utotoni, huhama kutoka jicho hadi jicho kwa vidole, kwa nguo ya kufutia uso na kwa nzi wanaofuata tongotongo na makamasi. Watu wazima hupofuka baadaye, kope zikishageuka ndani na kukwaruza jicho. Utafiti uliofanyika Kongwa, Dodoma, ukachapishwa mwaka 1995, ulionyesha kwamba pale ambapo wanavijiji walihamasishwa kuwanawisha watoto uso, pamoja na dawa, vikope vikali vilipungua, na watoto waliobaki na nyuso safi walikuwa katika hatari ndogo zaidi.

Basi asubuhi, kabla ya uji, kuna somo fupi: paji la uso, jicho hili, jicho lile, pembe ya jicho, pua, mashavu. Kiganja kimoja cha maji kinatosha. Yapo maneno ambayo mtoto wa miaka mitatu akiyajua hunawa mwenyewe bila kusimamiwa, kwa kuwa anajua mahali ambapo hajafika.

Mikono nayo ina siri yake. Watu wakinawa, sehemu zinazosahaulika zaidi ni kidole gumba, ncha za vidole na katikati ya vidole. Penye kibuyu chirizi, lile dumu dogo linaloning'inizwa na kuinamishwa kwa kukanyaga kijiti, mtoto ana mikono yote miwili huru kwa ajili ya kunawa. Mpe majina: gumba, shahada, cha kati, cha pete, cha mwisho. Kila kidole kikiitwa, kimesuguliwa. Ukifika kwenye shahada, usimkatize akianza kuhesabu. Karibu watoto wote huanza.

Mdomoni, mahali penye hofu

Hapa naomba msomaji twende taratibu.

Je, wajua kwamba "meno ya plastiki" hayapo? Katika sehemu nyingi za Tanzania, mtoto mchanga akipata homa na kuharisha, kuna watu humfunua mdomo, wakaona uvimbe mweupe kwenye ufizi, na kusema huyo ana meno ya plastiki, au ya nailoni, yatamuua yasipong'olewa. Mganga huyatoa kwa kisu, kwa spoku ya baiskeli au kwa kitu chochote chenye ncha. Watafiti wa afya ya kinywa nchini waliandika juu ya jambo hili tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kile kinachong'olewa ni chipukizi la jino la kweli: chonge la utoto, ambalo lingetokeza lenyewe mtoto akiwa na mwaka mmoja na nusu hivi. Mtoto hupoteza damu, huweza kupata maambukizi na pepopunda, na jino la ukubwani lililo chini yake huharibika pia. Homa na kuhara, ambavyo ndivyo vilivyokuwa vinamuua, vinabaki bila tiba.

Kadhalika kimeo. Ndicho kidakatonge, kile kinachoning'inia nyuma kooni, na kazi yake ni ya heshima: husaidia kuziba njia ya puani tunapomeza, chakula kisipande huko. Mtoto akikohoa muda mrefu, wapo wanaoshauri kimeo kikatwe. Kikohozi kina sababu zake kifuani au kooni, na nyingine ni nzito kama nimonia. Kukata hakuondoi hata moja, na kunamwaga damu ya mtoto ambaye tayari ni dhaifu.

Nimeyaweka mambo haya katika makala ya kuwafundisha watoto majina kwa sababu hofu hukaa vizuri mahali pasipo na jina. Mama anayejua kwamba ufizi una machipukizi ya meno 20 ya utotoni, kwamba ya mbele ya chini huanza karibu na mwezi wa sita, kwamba chonge huvimba kabla ya kutoka, hawezi kuuziwa ugonjwa usiokuwepo. Na mtoto anayezoea kufunguliwa mdomo kila jioni, "tuone meno, tuone ulimi, tuone fizi", akipigwa mswaki au kusuguliwa kwa kitambaa, hatapigana na daktari siku atakapoumwa koo.

Utepe wa rangi tatu

Je, wajua kwamba uzima wa mtoto unaweza kusomeka mahali pamoja tu, katikati ya bega na kiwiko? Mhudumu wa afya ngazi ya jamii hupima mzunguko wa mkono wa kushoto wa mtoto wa miezi 6 hadi 59 kwa utepe wenye rangi. Ukisoma chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano; zaidi ya hapo ni kijani. Kisha humbonyeza upande wa juu wa unyayo kwa sekunde tatu, miguu yote miwili, kuona kama kidole kinaacha shimo la uvimbe. Mtoto anayejua "lete mkono, nyoosha, tuone bega" hupimwa bila kilio, na kipimo cha mtoto asiyejinyonganyonga ndicho kipimo cha kweli.

Kiswahili kina tabia moja inayofaa kuangaliwa hapa. Mkono kwetu ni kuanzia begani hadi kwenye kucha. Hatuko peke yetu: Cecil Brown alilinganisha lugha 617 za dunia na kukuta 228 zinatumia neno moja kwa kiganja na mkono mzima. Mtoto akisema "mkono unaniuma", basi, muuguzi hajajua aanzie wapi. Kiganja, kiwiko, bega, kwapa na kifundo ni maneno ya kumpa mapema, maana ndiyo yanayofupisha maswali. Watoto wadogo wakiumwa popote huwa wanasema tumbo. Wanasema hivyo kwa sababu neno hilo wanalo.

Na sikio? Zamani, mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa alipelekwa shuleni akaambiwa apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Akilifikia, umri umetosha. Kuna sababu ya kimwili: kichwa cha mtoto mchanga ni robo ya urefu wake wote, cha mtu mzima ni kama sehemu moja ya nane, na mikono huchukua miaka sita au saba kukikimbilia. Ila kwa mtoto aliyedumaa kwa njaa kipimo hiki kilidanganya. Cheti cha RITA ni bora.

Mtu wa udongo

Je, wajua kwamba nchini Zambia kuna kipimo cha akili za watoto kinachotumia udongo? Kinaitwa Panga Munthu, maana yake tengeneza mtu. Mtoto hupewa udongo na kuombwa afinyange mtu, kisha viungo alivyovikumbuka huhesabiwa. Robert Serpell, aliyefanya kazi miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Zambia, alikuwa ameonyesha mwaka 1979 kwamba watoto wa Lusaka walipopewa waya waliwashinda watoto wa Manchester, walipopewa penseli walishindwa nao, na walipopewa udongo walilingana. Penseli tu ingewafanya waonekane hawajui.

Walimu wa madarasa ya awali walioko Katavi wana udongo bure nje ya mlango. Wimbo ule wa kugusa kichwa, mabega na magoti ni mzuri, nao watoto wanaupenda, lakini mpangilio wake haubadiliki, na mtoto anaweza kuuimba vizuri akifuata mikono ya aliye mbele yake bila kujua hata jina moja. Mwalimu akitaka kujua nani anajua, avuruge mpangilio: magoti, halafu nyusi, halafu kisigino. Halafu awape udongo. Mtoto anayeweka kitovu kwenye mtu wake wa udongo ameujua mwili.

Majina ambayo hatuyataji

Je, wajua kwamba katika nyumba nyingi somo hili la kuoga hukatika katikati? Tunataja kifua, tumbo, kitovu, kisha tunanyamaza, na sauti inarudi kwenye mapaja. Kilicho katikati tunakiita "kidude", "dudu", "huko chini", au hatukiiti kabisa. Katika jamii nyingi za pwani na kusini majina hayo yalingoja jando na unyago, na mtoto akayapata akiwa mkubwa. Lakini madhara hayangoji.

Uchunguzi wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulikuta kwamba karibu wasichana watatu kati ya kila 10, na mvulana mmoja hivi kati ya saba, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa Katavi ongeza hili: takwimu za afya za 2015 na 2016 zilionyesha kwamba asilimia 45 ya wasichana wa mkoa huu wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote. Mama anayeogesha leo mara nyingi ni binti ambaye jana hakuna aliyemwambia mwili wake unaitwaje.

Uume, uke, makalio. Ni maneno ya heshima, yamo katika vitabu vya shule na katika vinywa vya wauguzi. Yatajwe kwa sauti ile ile iliyotaja goti, wakati ule ule wa kuoga, bila kucheka na bila kukemea. Na hapo hapo mtoto aambiwe maneno mengine matatu: hapa ni pako; anayekuosha ni mama, bibi au dada fulani, na muuguzi ukiwa mgonjwa mama akiwepo; mtu mwingine akigusa, sema hata kama amekuambia usiseme. Mtoto wa miaka mitatu analielewa hilo. Kwa kuwa wanaoogesha ni wengi, dada wa miaka tisa naye aambiwe.

Faida yake ya kila siku ni ndogo na ya lazima: mtoto anayeweza kusema "uke unaniwasha" au "nikikojoa uume unauma" anatibiwa kabla ugonjwa haujakomaa. Faida yake nyingine ni kwamba akidhurika ataweza kusema kilichotokea, na maneno yake yatasikika waziwazi mbele ya muuguzi, mbele ya ofisa ustawi wa jamii na mbele ya Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Mtoto asiye na neno hunyamaza, au husema jambo ambalo mtu mzima hulipuuza akidhani ni mchezo.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mtu anayejua kwamba mtoto anadhulumiwa wajibu wa kutoa taarifa. Ukiwa Kasekese na ofisi zote zimefungwa, namba ya taifa ya kumsaidia mtoto ni 116, na kuipiga hakulipiwi.